Epoksi imemwagika mahali pasipotakiwa: kabla hujashika chupa ya asetoni, pitia hapa

#1 Mkono_Mchafu

Wakuu, salaam.

Swali hili haliishi humu: rezini ya epoksi imemwagika kwenye kitu changu, naitoaje? Na majibu ya kwanza huwa ni yaleyale: asetoni, asetoni, asetoni. Hakuna anayeuliza imemwagika juu ya nini. Nimeona nifungue uzi mmoja, tukiulizwa tena tuwe tunaelekeza huku.

Nitaweka msingi kwanza, mengine yatakuja na maswali yenu.

Epoksi ni gundi ya vitu viwili, rezini na hadina (ile inayoigandisha). Kila kimoja kikiwa peke yake hakigandi, kinabaki kizito na cha kunata. Vikishachanganywa molekuli zinaanza kufungamana mpaka zinakuwa wavu mmoja, na huo wavu haufunguki tena. Hapo ndipo inapotofautiana na supagluu. Supagluu hata ikikauka, asetoni inaiyeyusha. Epoksi iliyoganda haiyeyuki kwa asetoni; ukiiloweka muda mrefu inavimba na kulegea kidogo, basi. Watu wanazichanganya hizi mbili, ndiyo maana unamkuta mtu amesugua meza jioni nzima, gundi ipo palepale, vanishi ndiyo iliyoondoka.

Kwa hiyo cha kwanza angalia imefikia hatua gani. Ni mbichi, inatiririka? Imefika nusu, yaani ukiibonyeza ukiwa na glavu inabonyea na kuvutika kama mpira? Au imeshakuwa ngumu? Muda unategemea aina yake. Gundi za haraka zinakamata kwa dakika tano, rezini za kumiminia kwenye meza zinachukua saa nyingi, na ugumu wake kamili mara nyingi unafika baada ya wiki hivi. Chumba kikiwa na joto, mambo yanakwenda mbio zaidi.

Halafu angalia uso wa chini unavumilia nini. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Epoksi mbichi inatolewa na vitu vingi: isopropili (alkoholi ya kusafishia), spiriti, asetoni, hata siki. Kwa upande wa epoksi vyote vinafaa. Unachochagua ni kile ambacho hakitaumiza kilicho chini yake.

Ikiwa bado mbichi, usifute! Ukifuta unaitandaza na kuisukumia kwenye vinyweleo. Chota. Chukua kipande cha kadi ngumu au spachula ya plastiki, anzia ukingoni uje katikati, pangusa kadi kwenye karatasi, rudia. Ukishapunguza hivyo ndipo unaingia na kitambaa cheupe chenye kiyeyusho kidogo, na kila mpito unatumia upande safi. Kitambaa kilichokwisha kushiba rezini kinarudisha ulichotoa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kama imemwagikia kitu kisichonyonya, mfano kioo, chuma kilichong'arishwa au plastiki, na unaogopa kuweka dawa yoyote, ni bora kusubiri kuliko kuhangaika. Iache ifike ile hatua ya mpira, nyanyua ukingo kwa kipande chembamba cha plastiki, vuta taratibu. Inatoka kipande kizima. Ukiwahi mno inafanya nyuzi na kuchafua zaidi, ukichelewa inakatika vipande. Kwa hiyo iguseguse kila baada ya muda, au acha tone lingine kwenye kopo ulilochanganyia uwe unalijaribu hilo.

Mbao zisizopakwa kitu, kitambaa, jiwe na ngozi havina anasa ya kusubiri. Huko kila dakika inazidi kuzama.

#2 kijana_wa_karakana

Nimeweka kambi hapa mkuu. Endelea kushusha nondo.

#3 mama_wawili

Asante kaka, umekuja wakati muafaka. Mimi ni sasa hivi, haijafika nusu saa. Rezini ya kumiminia imedondokea meza yenye juu ya marumaru, lile jiwe halisi jeupe lenye mishipa ya kijivu. Doa ni kama ukubwa wa kiganja, bado linatiririka. Hapa nina siki, spiriti, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nianze na ipi?

#4 Asili_ni_Dawa

Siki dada yangu. Haina sumu, haina harufu ya kuumiza kichwa, na mafundi wengi wanasafishia zana zao za epoksi. Mwagia, acha dakika tano, futa.

#5 Mkono_Mchafu

Mama wawili, USIWEKE SIKI.

Asili_ni_Dawa, kwenye zana uko sahihi, hata mimi spachula zangu za chuma nazisafisha kwa siki. Tatizo ni jiwe. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, siki ni asidi. Vikikutana asidi inakula jiwe na kutoa gesi. Ukiinamisha macho karibu utaona vipovu vidogovidogo vikipanda. Ikikauka inabaki alama iliyofifia, haing'ai, na hiyo huitoi kwa kufuta kwa sababu si uchafu, ni uso wenyewe umeliwa. Travatini ni hivyohivyo, terazo yenye chembe za marumaru ni hivyohivyo, na saruji iliyong'arishwa pia.

Sasa dada, anza kuchota wakati unasoma. Halafu nijibu: hiyo spiriti ina rangi gani? Na kwenye chupa ya dawa ya kucha wameandika kuna nini ndani?

#6 mama_wawili

Spiriti ni ya zambarau. Dawa ya kucha ni ya waridi, ina harufu ya maua, na wameandika "haina asetoni".

#7 Mkono_Mchafu

Basi zote mbili ziweke kando. Zambarau ni rangi wanayotia makusudi ili watu wasiinywe, na jiwe jeupe litainyonya. Hiyo ya waridi ina rangi, mafuta na manukato, utatoa doa moja uweke jingine.

Endelea kuchota mpaka kadi haileti kitu, kisha bonyeza karatasi nyeupe kavu juu yake bila kusugua, badilisha, bonyeza tena. Tafuta isopropili ya asilimia 90 na zaidi, au asetoni tupu isiyochanganywa na chochote. Asetoni tupu haili marumaru. Inachoweza kuondoa ni nta au ule mpako wa kuziba vinyweleo kama meza ilipakwa, na huo unapakwa upya. Jaribu kwanza upande wa chini wa jiwe.

Usimimine juu ya meza! Lowesha kitambaa. Ukimimina, asetoni inaifanya rezini kuwa nyepesi na kuishusha ndani ya jiwe. Fungua madirisha, zima jiko, na kama kuna mtoto aende chumba kingine.

#8 Bwana_Thina

Mnakuza mambo. Mimi natumia asetoni kwa kila kitu, miaka nenda miaka rudi, na vitu vyangu vipo. Ukiogopa ogopa hutasafisha kitu.

#9 seremala_kimya

Bwana_Thina, heshima yako mkuu, ila "kila kitu" ni neno kubwa. Kwenye chuma kitupu na kioo kitupu nipo na wewe mia kwa mia. Ipeleke kwenye taa ya mbele ya gari, kava la kompyuta au fremu ya akriliki uone. Akriliki, polikaboneti, polistireni, ABS, zote asetoni inazilainisha au kuzitia ukungu, na ukungu huo ni wa kudumu. Zinazovumilia ni polithini na polipropilini, lakini hizo hazihitaji dawa hata kidogo kwa sababu epoksi haizishiki. Subiri igande, kunja plastiki, inabanduka.

Kwa upande wa mbao, tatizo ni kwamba watu hawajui fanicha yao imepakwa nini. Wote wanaiita vanishi. Kuna njia rahisi ya kujua. Tafuta sehemu iliyojificha, chini ya droo au nyuma ya mguu, gusa kwa kijiti chenye pamba na spiriti kidogo. Pakianza kunata na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki, na spiriti yoyote ni adui yake. Kama hapajabadilika, gusa kwa thina ya laka. Pakilainika, ni laka, na asetoni ni marufuku hapo. Kama vyote viwili havijafanya kitu, uwezekano mkubwa ni poliyurethani, ambayo inavumilia isopropili ukiwa na haraka: pitisha, futa, kausha. Usiache kitambaa chenye maji kikae juu yake.

Fanicha za zamani zenye mng'ao wa kina ni za kutiliwa shaka kwanza, nyingi ni shelaki.

#10 kijana_wa_karakana

Sasa mkuu seremala, hapohapo. Kabati la marehemu babu, nimejaribu na spiriti, pamba imetoka kahawia na pananata. Kwa hiyo ni shelaki. Lina matone matatu ya epoksi yaliyoganda juu yake, magumu kabisa, ya muda mrefu. Spiriti hapana, asetoni hapana. Nafanyaje?

#11 seremala_kimya

Umefanya vizuri kujaribu kwanza.

Matone magumu hayataki dawa, yanataka joto kidogo na subira nyingi. Epoksi inayogandia kwenye joto la kawaida la chumba huwa inaanza kulegea ikipashwa kwenye nyuzi 50 hadi 70 hivi. Haiyeyuki, inakuwa tu kama soli ya kiatu. Shida yako ni kwamba shelaki nayo hailipendi joto, kwenye nyuzi hizohizo inaanza kuwa laini. Kwa hiyo una nafasi nyembamba.

Zungushia tone karatasi ya gundi isiyoshika sana, ile ya wapaka rangi, tabaka mbili, uache tone peke yake. Mashine ya kukaushia nywele iwe kwenye moto mdogo, mbali kidogo, uwe unaisogezasogeza. Weka kidole pembeni ya tone. Ukishindwa kukiacha hapo, umezidisha, simama. Tone likilegea, lishambulie tone lenyewe. Usiingize kitu chini yake kulibandua, maana likitoka kwa kubanduliwa linatoka na shelaki yake. Likate kwa juu, tabaka kwa tabaka, kwa ubao mgumu ulionolewa kama patasi au kipande cha plastiki ngumu. Lipoe, lipashe tena, kata tena.

Ukibakiwa na utando mwembamba kama karatasi, hapo acha joto. Wembe ushike wima, ukwangue kwa uzito wa mkono wako tu, kisha msasa laini sana wenye maji kidogo ya sabuni, namba 1500 kwenda 2000. Utagusa shelaki, hilo halikwepeki. Lakini shelaki ndiyo rangi ya mbao inayosamehe kuliko zote: shelaki mpya inayeyusha ya zamani na kuungana nayo, kiraka hakionekani. Ingekuwa poliyurethani ungelia.

#12 Pamba_na_Kijiti

Nimesoma kimya kimya, ila seremala amenigusa. Mimi nimefanya kazi ya kuhifadhi vyombo vya kale, na hiyo ya joto na mti ndiyo njia tunayoianzia.

Mnakumbuka kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, kilipokuwa bado kule Jumba la Makumbusho la Misri, Cairo? Mwezi Agosti 2014 ndevu zake zilitoka wakati wa kushughulikia taa za kabati lake, zikabandikwa haraka kwa epoksi. Habari ikavuja Januari 2015, dunia nzima ikapiga kelele. Mtaalamu wa Kijerumani, Christian Eckmann, na wenzake wa Misri walipokuja kuitoa hiyo epoksi, hawakumwaga tindikali wala kiyeyusho kikali. Waliipasha kwa joto dogo na kuikwangua kwa zana za mti, kwa sababu dhahabu ni laini na chuma kingeichora. Kazi ya wiki kadhaa. Wakazirudisha ndevu kwa nta ya nyuki, na Desemba mwaka huohuo kinyago kikarudi kuonyeshwa.

Nta ya nyuki inatoka ukitaka itoke, ndiyo maana ikachaguliwa. Nawaambieni hili kwa sababu nusu ya epoksi ninayokutana nayo haikumwagika. Mtu aliitumia kuunganisha kitu ambacho kilistahili gundi inayoweza kutenguliwa.

Nyongeza kwa wenye vyombo vya kioo na kauri: glezi, ule mpako wa kung'aa juu ya kauri, haina neno, asetoni haiisumbui. Ila ukiona dhahabu au ua limechorwa juu ya glezi, ukipitisha kidole unalihisi, hapo usikwangue kwa kitu chochote. Na chombo kama kiliwahi kuvunjika kikaungwa, asetoni inaweza kulegeza maungo ya zamani kabla ya kugusa doa lako jipya.

#13 Bwana_Thina

Sawa sawa, nimesikia wataalamu. Plastiki na shelaki nimeandika. Lakini hilo la joto, si ukiloweka na asetoni HALAFU ukapasha inaenda haraka zaidi?

#14 Afya_Kazini

Bwana_Thina, tafadhali usifanye hivyo, na wala usimwambie mtu afanye.

Asetoni inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kutafuta cheche. Mashine ya kukaushia nywele ndani yake ina waya mwekundu wa moto na mota. Isopropili nayo inaweza kushika moto kwenye joto la kawaida la chumba. Ukichagua joto, kiyeyusho kiwe kimefungwa na kiko chumba kingine, na uso umekauka kabisa.

Nikiwa hapa niongelee na mikono, maana naona hakuna aliyeigusa. Epoksi ikikupata kwenye ngozi usiitoe kwa asetoni wala thina. Kiyeyusho kinaondoa mafuta ya ngozi na kuisaidia rezini kuingia ndani. Futa kwa karatasi kavu, kisha sabuni na maji ya vuguvugu, au ile krimu ya kuoshea mikono ya makanika. Mzio wa epoksi hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kuishika muda mrefu akiwa salama, siku moja mwili ukaikataa, na ukishaikataa ndiyo imetoka hiyo. Baada ya hapo hata kidogo tu kinaleta vipele na kuvimba macho. Nimeona watu wakiacha kazi waliyoipenda.

Glavu za nitrili zinafaa kwa rezini. Kwa asetoni hazifai sana, inapenya upesi, kwa hiyo zikilowa zivue palepale uvae nyingine. Kazi ndefu ya asetoni inataka glavu nene za mpira wa butili. Na miwani vaeni: hadina ikiingia jichoni ni kusuuza na maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali.

#15 dada_wa_hariri

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni kitambaa. Skafu ya hariri, tone moja pembeni, limeshaganda.

#16 Mkono_Mchafu

Dada, kwanza hakikisha ni hariri kweli. Vitambaa vingi vinavyoteleza na kung'aa ni asetati, na asetati ikiguswa na asetoni inayeyuka, unabaki na tundu. Angalia lebo ya kushonea. Kama haina lebo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uudondoshee asetoni kwenye kisahani cha kioo. Ukigeuka uteute, umepata jibu.

Hariri yenyewe inaivumilia asetoni, rangi yake ndiyo huenda isivumilie. Lakini kwa tone lililoganda sikushauri uanze na dawa. Tia skafu kwenye mfuko, weka kwenye friza saa kadhaa, epoksi ikipoa hivyo inakuwa rahisi kuvunjika. Itoe, weka mahali pagumu, vunja tone kwa kulibana na koleo ndogo, lenyewe tu bila kukunja kitambaa, kisha okota vipande kwa kibano. Ukitazama kwa nyuma ukaona tone limepenya na kutokeza upande wa pili, usivute. Nyuzi za hariri ziko ndani yake sasa, ukivuta zinakatika. Hapo mpe mtaalamu au likate kwa pindo jipya.

#17 dada_wa_hariri

Lebo inasema hariri asilimia 100. Limekaa juu tu, nyuma pasafi. Naingiza friza.

#18 kaka_mkubwa

Wadau, mbona hamsemi ile dawa kali ya kubandulia rangi za magari? Ile unapaka, dakika kumi rangi inajikunja yenyewe. Inatoa hata epoksi iliyoganda.

#19 Pamba_na_Kijiti

Kaka, inatoa kweli, na ndiyo maana hatujaitaja. Zile kali zinazofanya hivyo kwa dakika chache kijadi zina dikloromethani. Ukivuta mvuke wake, mwili unaugeuza sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, ile gesi ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wamekufa wakibandua rangi ya bafu milango ikiwa imefungwa. Marekani waliipiga marufuku mwaka 2019 kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida kama dawa ya kubandulia rangi, Ulaya walishaibana kabla ya hapo.

Maabara ya uhifadhi yanaweza kuitumia kwa matone, ikiwa ndani ya jeli, chini ya mashine ya kuvuta hewa. Nyumbani hapana. Zipo jeli za alkoholi ya benzili, zinachukua saa nyingi badala ya dakika, na kwa epoksi nene unarudia. Ila kumbuka mada ni nyuso dhaifu. Dawa inayobandua epoksi inabandua vanishi, laka, rangi na plastiki pia. Zitumie kwenye kioo, kauri isiyochorwa na chuma kitupu, basi.

#20 kijana_wa_karakana

Na mawe ya kaunta yale ya kwazi ya kiwandani? Mtu ameniambia ni magumu kuliko marumaru, unaweza kufanya lolote.

#21 Mkono_Mchafu

Chembe za kwazi ni ngumu, lakini zimeshikanishwa na rezini, ndiyo iliyoyafanya kuwa bamba. Dawa yoyote ya kubandua epoksi inaweza kushambulia hicho kishikizo, na joto likizidi linaacha alama ya njano. Isopropili kwa muda mfupi, kikwanguo cha plastiki, na usichoke. Siki haina athari kubwa huko kama kwenye marumaru, kama mtu atauliza.

#22 mama_wawili

Nimerudi jamani. Kwanza asanteni, nilipata asetoni tupu na kila kinachoonekana kimetoka. Kilichobaki ni kivuli, kama vile jiwe limelowa maji pale. Nimekiacha siku kadhaa nikidhani kitakauka, kipo tu. Ni kuchomeka au ni nini?

#23 Mkono_Mchafu

Zima taa ya chumba, washa tochi, ilaze karibu sawa na uso wa meza, tazama mng'ao. Kama mng'ao unapita juu ya kivuli bila kukatika, uso ni mzima na kuna rezini imebaki ndani ya vinyweleo. Kama mng'ao unafifia ukifika pale, uso umeliwa au umekwanguka, na hiyo ni kazi ya poda ya kung'arishia marumaru.

#24 mama_wawili

Mng'ao unapita vizuri kabisa.

#25 Mkono_Mchafu

Safi, basi unaweka kibandiko. Chukua udongo mweupe wa kaolini, au kama huna, karatasi nyeupe za kufutia zisizo na maua zikatwe vipandevipande. Changanya na asetoni tupu iwe kama ujiuji mzito. Bandika juu ya kivuli unene wa sentimita moja, upite ukingo kidogo kila upande. Funika na karatasi ya nailoni nyembamba, ziba pembeni kwa tepu. Acha siku nzima, dirisha likiwa wazi, hakuna moto karibu.

Siku ya pili toa nailoni lakini USITOE kibandiko. Kiache kikauke chenyewe mpaka kiwe kinapukutika. Wengi wanakosea hapa, wanakitoa kikiwa kibichi. Kinavuta wakati kinakauka: asetoni inapanda juu kutafuta hewa na kubeba kilichoyeyuka. Unaweza kurudia mara kadhaa.

Sitaki nikudanganye lakini. Kibandiko kinatoa rezini ambayo haijagandia humo ndani. Iliyokwisha kuganda kwenye vinyweleo haitoki, itabaki kivuli chepesi.

#26 Asili_ni_Dawa

Wakuu, nilikuwa na kipande cha marumaru kilichobaki kwenye ujenzi, nikakidondoshea siki ili nione mwenyewe mnachosema. Vipovu vimepanda hapohapo. Kikikauka pamebaki duara jeupe lisilong'aa. Mama wawili, namshukuru Mungu hukunisikiliza.

#27 mama_wawili

Hahaha, nimekusamehe ndugu yangu. Nimeweka vibandiko viwili. Kivuli kimepungua sana, sasa anakiona anayekijua tu. Nimepaka upya ule mpako wa kuziba, nimeishia hapo.

#28 dada_wa_hariri

Friza imefanya kazi. Tone limevunjika vipande vinne, nimetoa kwa kibano. Pamebaki nyuzi mbili zimesimama kidogo lakini hakuna tundu. Mbarikiwe.

#29 mpita_njia77

Na mimi kabla uzi haujalala. Nilikuwa naunga kitu, tone likarukia lenzi ya miwani ya macho. Nikalifuta haraka kwa asetoni. Tone limetoka lakini sasa ukitazama kwenye mwanga kuna nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kuna kitu cha kupaka?

#30 seremala_kimya

Pole mkuu. Lenzi yako inaelekea ni polikaboneti, au utando wa juu wa kuzuia mng'ao ndio uliopasuka. Vyovyote vile nyufa hizo hazifutiki, na vile vipolishi vya kutolea mikwaruzo vitaongeza ukungu tu. Ni kubadilisha lenzi.

Kwa mwingine litakalomtokea: tone bichi kwenye lenzi ya plastiki linanyonywa kwa ncha ya karatasi bila kusugua, kisha sabuni ya maji ya vuguvugu na kidole. Likikataa liache lifike hatua ya mpira ulivute, kama mwenye uzi alivyosema. Skrini ya simu ni hivyohivyo, maana ule utando unaozuia alama za vidole hauipendi asetoni.

Na fremu usiiguse kwa hiyo asetoni iliyobaki. Fremu nyingi nene za rangi ni asetati ya selulosi, itakulainikia mkononi.